Kikombe cha Gaudencio

Herculana Toxqui Cuautle, binti Tomasa, mjukuu wa Librada. Librada ndiye aliyefukia magunia ya njugu chini ya zizi la punda wakati wa vita. Askari wakaja wakabeba kuku, mahindi na hata mlango wa jikoni, lakini njugu hawakuziona. Tomasa ndiye aliyewanywesha uji wanaume waliochimba mfereji wa maji kutoka mlimani, kiangazi kizima, na mimba ya Herculana imemjaa mpaka kifuani. Wazee walisema mtoto yule alijifunza kukoroga angali tumboni. Na Herculana mwenyewe ndiye aliyesimama kwenye nyungu ardhi ilipotikisika na mnara wa kanisa letu la San Gorgonio ukalala chini kama mlevi. Watu walilala nje kwenye baridi ile, mlima wa moto ukiwamwagia majivu juu ya mablanketi, lakini hakuna mtoto aliyefumba macho bila kitu cha moto tumboni. Mtaa wa juu haukuwahi kuwa na harusi wala matanga asiyoitwa. Alikuja na mwiko wake ndani ya shali, na akiondoka aliondoka nao.

Tunalitaja jina lake lote kwa sababu vijana wa sasa, ukiwaambia Herculana, wanamkumbuka bibi aliyekuwa akikaa mlangoni, shingo ameielekeza dukani kwa Don Hilario kama kuku aliyesikia mwewe. Huyo siye. Au ndiye, lakini hiyo ni nusu yake tu.

Uji wa mahindi, atole, kila nyumba inapika. Uji wa njugu ni habari nyingine. Njugu zenyewe ni zile za mti wa nogali, zenye gamba gumu na kiini kilichokunjamana kama ubongo wa mbuzi. Zikianguka mwezi wa tisa, ngozi yake nyembamba inabanduka kwa kidole. Ikifika sikukuu ya wafu, mwanzo wa mwezi wa kumi na moja, ngozi hiyo imeshang'ang'ania, na mpishi mvivu huiacha. Ndiyo maana uji wa wavivu ni wa kijivu na unakereketa kooni. Herculana alizilowesha kwa maji ya moto, akaketi akazimenya moja moja kwa ukucha, mpaka ndani ya mikunjo, kisha akazisaga juu ya jiwe hadi zikatoa mafuta. Unga wa mahindi aliuchuja kwa kitambaa, akauchuja tena hata pale mara ya kwanza ilipotosha. Halafu maziwa, mdalasini, sukari guru, na moto wa kuni ngumu usiopiga kelele.

Na kukoroga. Hapo ndipo heshima yenyewe ilipokuwa. Kwetu mkono ulioanza kukoroga ndio unaomaliza. Ukiingia mkono wa pili katikati, uji unakatika: maji yanapanda juu, chenga zinashuka chini, na hakuna dawa. Hasira nayo inaukata, na chozi pia. Kwa hiyo Herculana alipokuwa kwenye nyungu hakusalimiwa na mtu. Hata mumewe, marehemu Don Wenceslao, aliyezoea kumtania mbele ya watu, alisimama mbali akasema, "Msimguse huyo, hapo ana mume mwingine." Uji wake haukuwahi kukatika. Hata siku ya matanga ya huyo Wenceslao haukukatika, na kila aliyekunywa alijua maana yake ni nini mwanamke kuzuia machozi tangu jua linachomoza hadi jeneza linatoka.

Alizaa watoto wengine, hawakukaa. Aliyekaa ni Gaudencio, mtoto wa maneno mengi na miguu mirefu, asiyeweza kupita chini ya nogali bila kuupanda. Alimwoa Otilia Xicale, msichana wa kutoka upande wa makaburini, akamleta nyumbani kwa mama yake kama desturi ilivyo. Mwaka uleule mvua ya mawe ikayalaza mahindi yote. Gaudencio akasema anakwenda Kaskazini, ng'ambo ya mpaka, misimu miwili tu, arudi aezeke chumba chao. Si yeye peke yake. Nusu ya nyumba za mtaa zilikuwa na kuta zisizo na paa, zikimngoja mtu aliyeko huko. Herculana hakulia. Alimpikia uji wa njugu, akamfungia soksi za sufu.

Wakati huo simu ilikuwa moja, dukani kwa Don Hilario, na juu ya paa lake kipaza sauti. Kilikohoa kwanza, ndipo jina likaitwa, mtaa mzima ukasikia, nawe ukakimbia na unga mikononi. Gaudencio alipiga mara moja kutoka mpakani. Aliuliza kama njugu zimeanza kuanguka. Mama yake akamwambia zimeanza. Akamwambia avae soksi. Yeye akasema kesho wanaingia jangwani, atapiga akifika.

Hakupiga. Mwanzoni Herculana alisimama kila kipaza sauti kilipokohoa. Miaka ikapita akawa hasimami tena. Aliacha tu alichokuwa akifanya, jiwe likanyamaza juu ya jiwe, mpaka jina litajwe. Likitajwa la mtu mwingine, aliendelea kusaga.

Halafu akarudi Eleuterio, kijana wa mtaa wa chini aliyekwenda katika msafara uleule. Alirudi na gari lililokwishatumika na meno ya dhahabu, lakini ilimchukua muda mrefu kupanda kilima hadi nyumbani kwa Herculana. Alipokuja aliketi ukingoni mwa kiti, kofia magotini. Akaeleza kwamba siku ya tatu ya jangwa Gaudencio aliteguka kifundo cha mguu. Walimbeba kidogo. Kiongozi wao akasema anayetaka kubaki abaki naye. Wakamweka kwenye kivuli cha kichaka, wakamwachia maji yaliyobaki kwenye chupa ya mtu mmoja.

Herculana alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mlipomwacha alikuwa hai?"

"Alikuwa hai, Doña Herculana. Alikuwa anaongea."

"Akisema nini?"

"Alisema tutangulie. Atatufuata."

"Basi," akasema Herculana. "Atafuata."

Akamtilia kikombe cha uji, Eleuterio akakinywa huku machozi yanamwingia mdomoni, na alipomaliza Herculana alikipokea, akakisuuza, na tangu siku hiyo hakuijibu salamu yake tena. Otilia alikuwa amesimama nyuma ya pazia la jikoni. Alisikia yote. Yeye alijua siku hiyo kwamba ni mjane, lakini hakuna aliyemwambia, na kwetu mwanamke hajiambii mwenyewe.

Desturi iko hivi. Kila marehemu wa nyumba ana kikombe chake cha udongo. Sikukuu ya wafu ikifika, kengele zikilia adhuhuri, uji wa moto unamiminwa katika kila kikombe na kuwekwa madhabahuni katikati ya maua ya manjano, mikate na ubani, na wafu wanaingia mlangoni wakiwa na kiu ya mwaka mzima. Kikombe cha kwanza cha marehemu, kile kinachomhesabu rasmi miongoni mwa wafu, anakiweka mama yake, maadamu mama huyo yuko hai. Yeye ndiye aliyempa mtu huyo kuingia duniani, na ni yeye anayempa kutoka. Si baba, si mke, si padri. Padri anaweza kuwa na karatasi zake. Watu wanaangalia kikombe. Kikombe kisipowekwa, kengele hailii, matanga hayakai, mke havui pete wala haposwi.

Na Herculana hakukiweka. Mwaka wa kwanza hakuna aliyemlaumu. Mwaka wa tano watu walianza kunyamaza alipopita. Ilipofika zaidi ya miaka kumi, hata wale waliompenda walisema bibi yule amemfunga mkwewe kwa kamba ya maiti.

Otilia alikuwa bado ni mwanamke wa kutazamwa. Ng'ambo ya korongo alikuwako mfyatua matofali mmoja, Don Nabor, mgane mwenye mikono mikubwa na tabia ya kuongea na nyumbu wake kwa heshima. Alikuwa akileta matofali mtaani, na kila mara alipita njia ya mbali inayopita mbele ya mlango wa Herculana. Mtaa mzima ulijua. Otilia hakuwahi kumjibu zaidi ya salamu, lakini alikuwa ameanza kufagia mbele ya mlango siku za matofali.

Aliyebeba maneno ni Doña Cirenia. Huyo ndiye aliyemshika Gaudencio kwenye maji ya ubatizo, na kwa hiyo yeye na Herculana waliitana komadre, neno ambalo kwetu linashinda udugu wa tumbo moja. Alikuja wiki moja kabla ya sikukuu, mkate chini ya shali ili asije mikono mitupu.

"Komadre, umekonda mpaka paka wako anakuonea huruma."

"Paka wangu ana adabu, haongei. Sema kilichokuleta."

Cirenia akasema. Alimsifu Nabor, nyumba yake yenye paa, nyumbu wake, hata kikohozi chake ambacho alidai ni cha vumbi tu, si cha kifua. Herculana akamwacha amalize, kisha akamwambia akamweleze bwana huyo kwamba Otilia ana mume.

"Yuko wapi?" akauliza Cirenia.

"Angekuwepo anayejua, ningeshakwenda kumchukua kwa miguu."

Ndipo Cirenia akasema lile ambalo alikuwa amelizuia miaka yote. Kila mtu kwetu anajua kwamba marehemu asiyewekewa kikombe huja vilevile, maana njia inafunguka kwa wote. Wenzake wanarudi wamebeba mikate, yeye anarudi nyuma yao na udongo viganjani.

"Mwanao, komadre. Mtoto niliyemshika mimi. Kila mwaka anasimama hapo mlangoni pako, anamwona baba yake anakunywa."

Herculana alishika ukingo wa meza. Alichosema baadaye alikisema polepole. Alimkumbusha Cirenia habari za mama wa Crisóforo, kijana mwingine aliyekwenda Kaskazini: mama huyo alichoka kungoja, akamwekea mwanawe kikombe, na wiki ileile Crisóforo, ambaye kumbe alikuwa hai huko kwenye mji wa barafu, akaanguka kutoka kwenye paa alilokuwa akilitengeneza, akafa.

"Crisóforo alikuwa mlevi. Na paa lilikuwa na barafu."

"Alikuwa mlevi miaka yote. Alianguka wiki ile."

Mwanawe akiwa amekufa na asimwekee, anamnyima maji. Akiwa hai na amwekee, anamuua. Herculana alilala na maneno hayo mawili kila usiku, moja kila upande wa mto, na alikogeukia alikutana na mojawapo.

Cirenia alisimama kuondoka, hasira na huruma zimemchanganyikia. "Ungekuwa umekufa wewe," akasema, "mwiko ungekuwa wa Otilia, na kikombe angekiweka yeye mwenyewe, na mambo yangekuwa yamekwisha zamani."

"Basi subirini nife," akasema Herculana. "Sitachelewa."

Siku mbili baadaye Herculana na Otilia waliketi jikoni wakimenya njugu. Otilia alikuwa na vidole vyeusi, kwa sababu maganda ya kijani ya nogali yanatia rangi isiyotoka mpaka Krismasi. Alikuwa mmenyaji mzuri, Herculana mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Kukoroga hakuwahi kumfundisha. Walikuwa wamezeeka pamoja kwenye jiko moja, yule kwa haraka na huyu kwa taratibu, na siku nyingi walipitisha asubuhi nzima bila neno, si kwa ugomvi bali kwa sababu kila neno lingeishia mahali pamoja.

Otilia ndiye aliyeanza. Hakuinua macho kutoka kwenye njugu.

"Mama, nikifa kesho mtanizika kama nani?"

"Hufi kesho."

"Mke ana mume. Mjane ana kikombe. Mimi nina nini?"

Herculana akamwambia kama anataka kwenda, mlango hauna kufuli. Otilia akasema anajua hauna. Akasema angeweza kwenda hata leo, na watu wa ng'ambo ya korongo wangemwita mke wa mtu mpaka anazeeka, na Nabor ni mtu mzuri, hastahili kuzikwa na jina hilo. Kisha akasema jambo lingine, kwa sauti ndogo, kama anayekiri mbele ya padri.

"Nimesahau sauti yake. Nakumbuka maneno. Nakumbuka alivyokuwa akiinama kupita huo mlango. Sauti siisikii tena, mama, nimejaribu."

Herculana alitaka kumpiga. Mkono wake kweli uliinuka kutoka kwenye bakuli, ukiwa na kisu kidogo cha kuvunjia maganda, ukasimama hewani. Kisha ukarudi. Kwa sababu yeye naye alikuwa ameisahau. Hakumbuki ilikuwa mwaka gani. Siku moja tu aliitafuta kama mtu anavyopapasa kiberiti gizani, hakuikuta, na hakumwambia yeyote, akaendelea kuketi mlangoni na kunyoosha shingo kila kipaza sauti kilipokohoa. Angepiga simu leo Gaudencio, akasema "Mama", angelazimika kumuuliza ni nani.

Hakumwambia Otilia hilo. Alisema tu kwamba njugu zinatosha. Lakini kesho yake alivaa shali nzuri, akapanda gari la abiria la alfajiri mpaka sokoni, akapita kwenye mabanda ya vyungu akishika kimoja na kukirudisha, mpaka muuzaji akamtania, "Mama, hivyo havichumbiwi, vinanunuliwa." Akanunua kikombe kimoja cha udongo, kisicho na maua, cha rangi ya kijani kibichi. Akarudi nacho kifuani, akakificha ndani ya pipa la mahindi.

Asubuhi ya siku ya wafu wakubwa, maana waliokufa wadogo wana siku yao kabla, jikoni palijaa. Kila mwaka mtaa wa juu ulipitia kwa Herculana kabla ya kengele, kila mmoja na jagi lake la kubeba uji wa madhabahu ya kwake, na waliozidi walisimama uani wakiota jua. Cirenia alikuwa amekuja mapema kutandika maua. Alikuwa akiwatania vijana kwamba marehemu mumewe hawezi kupotea njia, akinusa tu chumvi iliyozidi kwenye mapishi ya mkewe anageukia nyumba ya jirani. Watu walicheka. Kisha Herculana akaingia kutoka ghalani, na vumbi la mahindi kwenye mikono, akaweka kikombe kipya juu ya meza, karibu na vile vya Librada, Tomasa na Wenceslao.

Kila mtu alikiona. Kicheko kilikatika kama uzi, na mtu mmoja uani akavua kofia. Otilia alikitazama, akaona rangi ya kijani, kijani cha nogali aliozoea kuupanda Gaudencio, akageuka upesi kupanga kuni zilizokuwa zimepangwa tayari.

Herculana akashika mwiko, akaanza kukoroga. Kwanza uji ulikuwa mwepesi, ukizunguka pamoja na mwiko kama maji ya mfereji. Harufu ya njugu ikapanda. Alikoroga kama alivyokoroga siku zote, bega limetulia, kiwiko karibu na ubavu, na waliomjua waliona midomo yake ikisogea. Alikuwa anajiambia: nitamimina cha bibi, nitamimina cha mama, nitamimina cha Wenceslao, halafu mkono utakwenda wenyewe, hautaniuliza. Ndivyo alivyofanya kwenye matanga ya mumewe. Mkono ulikwenda wenyewe.

Uji ukaanza kushika. Kutoka kanisani mtu akajaribu kamba ya kengele, ikalia mara moja kwa bahati mbaya na kunyamaza, maana saa ilikuwa bado. Herculana alitazama kikombe cha kijani. Alijaribu kumwona mwanawe chini ya kichaka, amekufa, akamwona akiongea. Alijaribu tena. Alimwona akiongea, mguu umevimba, akiwaambia wenzake watangulie, kwa sauti ambayo mama yake haisikii. Hakuweza kumwona amenyamaza. Akajua hapo, na mwiko mkononi na watu wote nyuma yake, kwamba hataweza. Si leo wala mwakani. Angeishi miaka mingine ishirini, angekinunua kikombe kila mwaka, na kila mwaka kingebaki kavu juu ya meza, na msichana yule aliyeletwa nyumbani akiwa na nywele nyeusi angeketi mbele yake akimenya njugu mpaka nywele zote ziwe nyeupe.

"Otilia," akasema.

Watu walishtuka. Hakuwahi kuongea akiwa kwenye nyungu.

Otilia akasogea. Herculana hakuacha kukoroga. Alinyoosha mkono wake wa kushoto, akakamata kifundo cha mkono wa mkwewe, akauleta mkono huo juu ya nyungu, akaubandika kwenye mwiko chini kidogo ya mkono wake.

"Shika."

"Mama, utakatika."

"Najua utakatika. Shika."

Cirenia aliachia maua yaliyokuwa mikononi. Yeye ndiye wa kwanza kuelewa. Mwanamke anayeutoa mwiko kabla uji haujaiva, kwetu amejihesabu na wafu. Hatapikia tena harusi wala matanga, hataitwa, jina lake halitatajwa panapowashwa moto. Ametoka. Na aliyeupokea ndiye mwenye jiko. "Komadre, usifanye hivyo," akasema, na hakuna aliyemsikia akitumia sauti hiyo kabla au baadaye. "Mbele ya watu wote. Binti wa Tomasa."

Herculana akaachia.

Mwiko ulisita mara moja ndani ya nyungu, kisha Otilia akaendelea, hovyo, machozi yanamdondoka juu ya vidole vyake vyeusi na humo ndani. Haikuchukua muda. Ukingoni mwa nyungu maji yalijitenga, ya rangi ya manjano, na katikati chenga zikaanza kushuka. Watu walisimama na majagi yao wakautazama uji wa Herculana Toxqui Cuautle ukikatika. Mzee mmoja, mwenye madhabahu ya watu wengi nyumbani kwake, alisogea akanyoosha jagi lake. Otilia akatikisa kichwa kwa aibu. Mzee hakulirudisha jagi. Otilia akamtilia. Halafu wengine wakajipanga nyuma yake, mmoja mmoja, wakachukua uji ule wa maji na chenga, wakashukuru kwa heshima ileile ya kila mwaka, wakaondoka nao kwa wafu wao.

Herculana alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya ukuta, mikono mapajani, viganja vimeelekea juu. Hakuonekana ametua mzigo. Alionekana kama nyumba ambayo watu wamehama. Cirenia alimpa maji, hakuyapokea. Kengele sasa zilianza kulia kwa kweli, zote mbili, adhuhuri, na ubani ukawa umejaa chumbani mpaka madhabahu haionekani vizuri.

Otilia alisimama katikati ya jiko na upawa mkononi, hajui pa kuanzia.

"Anza na bibi yangu," akasema Herculana, bila kuinua kichwa. "Halafu mama. Halafu mzee wangu, yeye mpe kilichojaa, hana subira. Kisha hicho cha kijani. Utakiweka wewe, leo na kila mwaka, mimi usiniulize chochote, na ukienda kwa Nabor uende nacho. Ukikitia usikijaze mpaka juu, alikuwa akijiunguza."

Akageuza kigoda, akaelekea ukutani.

"Haya, mimina. Kengele hazingoji mtu."